UZI: Lengo bila kigingi huchukuliwa na maji. Mazoea ya kila siku kwa wanawake wa Mtwara na Lindi

#1 Kokochi (mleta uzi)

Wadau wa Kusini, habari za jioni.

Kila Januari, na kila baada ya mnada wa kwanza wa korosho, malengo humwagika: kupandisha vyumba viwili, kurudia kidato cha nne, kununua cherehani, kufungua genge, kupunguza mwili. Ikifika masika mengi yameshaota majani. Watu wanasema ni uvivu. Mwanamke anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya maji Newala si mvivu. Lengo lake limeachwa lielee tu, hakuna lilipofungwa.

Tutofautishe kwanza. Cherehani ni lengo. Zoea ni shilingi 1,500 kuingia kwenye kibubu kabla sufuria la mwisho halijaoshwa. Lengo unaweza kuliwaza mwaka mzima bila kuligusa. Zoea unalifanya hata siku ambayo hulitaki.

Zoea litunge kwa sentensi moja: "Nikishamaliza hiki, nitafanya kile, mahali fulani." Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii, ya "likitokea hili nitafanya lile", akaonyesha kuwa inamfikisha mtu mbali kuliko nia tupu. Mimi kile cha kwanza kwenye sentensi nakiita kigingi. Kigingi kizuri hutokea kila siku bila wewe kuamua, kina mwisho unaoonekana, na kiko mahali ambapo kifaa chako kipo. "Asubuhi" si kigingi. "Jioni nikipata nafasi" ndiyo si kigingi kabisa, nafasi haipatikani. "Nikishaepua uji" ni kigingi, mradi daftari liko jikoni. Likiwa kabatini chumbani umeshashindwa, maana ukienda chumbani utakuta mtoto ameamka.

Ukubwa wa zoea upimwe kwa siku mbaya, usipimwe kwa siku ya Jumapili umepumzika. Chukua siku ambayo mtoto ana homa, bomba halijatoka maji siku ya tatu, na wifi kafika bila taarifa. Siku hiyo unaweza nini? Kama ni kusoma ukurasa mmoja, basi zoea lako ni ukurasa mmoja. Siku nzuri utasoma kumi, hakuna atakayekukataza.

Halafu hili la siku 21. Lilitoka kwa daktari mmoja wa upasuaji Marekani aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua kama siku 21 kuzoea sura zao mpya. Hakuwa anapima tabia za watu. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, uliochapishwa mwaka 2010, ulifuatilia watu 96. Mtu wa katikati alichukua siku 66 mpaka jambo likawa linajifanya lenyewe, wengine siku 18, na makadirio ya juu yakafika siku 254. Kwa hiyo jipe miezi mitatu kabla ya kujihukumu. Utafiti huohuo uliona kuwa kukosa siku moja hakuharibu kitu.

Kinachoharibu, kwa wanawake wengi, ni kulipa deni. Jana hukuweka 1,500, leo unajilazimisha 3,000. Hiyo 3,000 imezidi kipimo cha siku mbaya, kwa hiyo na leo unakosa, kesho deni ni 4,500, keshokutwa unaacha. Jana imekwenda. Leo weka 1,500 ileile.

Karibuni. Anayejua shamba aseme shamba, anayejua bahari aseme bahari. Tafadhali tusije na "jiamini dada, unaweza".

#2 BintiShangani

Uzi mzuri. Wengi huku mjini tunafungia kwenye sala: "nikishasali alfajiri nitafanya hivi." Hicho si kigingi tosha?

#3 Somo_Mikindani

Binti yangu, ni kigingi kizuri lakini kwa mwanamke kina matundu. Siku za hedhi hakuna kusali, na zoea linalala pamoja na msala. Siku sita au saba kila mwezi ni nyingi, ukirudi unaanza upya. Ukijifungua, nifasi inaweza kufika siku arobaini. Ndiyo maana unaona mtu alikuwa anaandika hesabu vizuri kabisa, ghafla kaacha, na yeye mwenyewe hajui kilichomwachisha.

Dawa yake ni ndogo: funga kwenye adhana, usifunge kwenye sala. Adhana inasikika usali usisali. Na kwa huku kwetu karibu na ikweta magharibi haihami sana, tofauti yake mwaka mzima haifiki saa moja. Walioko Masasi na Ndanda wana kengele ya kanisa, inafanya kazi ileile.

Ramadhani iandalieni mapema. Siku nzima hugeuka: jiko la mchana linazimwa, futari inakula alasiri yote. Zoea la "nikishaepua uji wa asubuhi" halina pa kushika. Wiki moja kabla ya mwezi kuandama, andika kigingi cha muda: "nikishaosha vyombo vya daku." Na kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, usinakili mpango wa mwaka jana kama ulivyo. Unaweza kukuta mwaka huu imeangukia kwenye kuvuna.

#4 Jikoni_Ligula

Niseme upande wa wanaoshika pesa kila siku: mama lishe, wakaanga samaki, wauza vitumbua, wenye genge. Hapa zoea linalobeba mengine yote ni kufunga hesabu. Kigingi ni kumwagia maji mkaa wa mwisho. Mkaa ukizimwa, hakuna anayeondoka mpaka pesa imehesabiwa.

Mpangilio wake ndio wenye kazi. Kwanza hesabu pesa yote, ya mkononi na iliyoingia kwenye simu. Pili toa manunuzi ya kesho: mchele, unga, maharage, mafuta, nyanya, samaki, mkaa. Hiyo si faida, usiichekee. Tatu toa kodi ya banda na ushuru kwa kipimo cha siku. Nne toa ya lengo. Kinachobaki ndicho cha nyumbani.

Tuchukue mfano. Mauzo ya siku 61,000. Manunuzi ya kesho 42,000. Banda na ushuru 2,000. Lengo 2,000. Nyumbani inakwenda 15,000. Kwa siku sita za wiki lengo linapata 12,000, na baada ya wiki 26 ni 312,000. Wengi wanafanya kinyume: nyumbani kwanza, kesho yake manunuzi yamepungua, anapika kilo tatu badala ya tano, wateja wa saa nane wanakuta sufuria tupu, mauzo yanashuka, na anasema biashara imeingia mkosi. Hakuna mkosi hapo, mtaji umeliwa.

Mahali panapovuja:

Kuhesabu kesho yake asubuhi. Pesa iliyolala nyumbani bila kuhesabiwa huamka imepungua, na hakuna mwizi.

Sahani za mkopo. "Andika nitalipa mwisho wa mwezi." Ukiandika kichwani utasahau wewe, yeye hasahau kuja kula. Weka daftari lenye jina, tarehe, kiasi, na ukomo. Sahani tatu hazijalipwa, ya nne haitoki. Waambie siku ya kwanza, kumwambia mtu ameshika kijiko ni ugomvi.

Unga wa nyumbani kuchotwa kwenye gunia la biashara. Chota, lakini andika na uukate kwenye ile 15,000. Usipoandika, utadhani mama lishe hailipi kumbe inalisha watu saba.

Na samaki. Kusi ikivuma, kuanzia Mei mpaka Septemba hivi, vyombo vidogo vingi havitoki, bei hupanda. Miezi hiyo usisimamishe lengo, lishushe. Kutoka 2,000 hadi 500. Mkono usisahau njia ya kibubu.

#5 Mwani_Songosongo

Mleta uzi nakubaliana nawe mengi ila hili la "kila siku" linawafaa watu wa bara. Mkulima wa mwani siku zake hazifanani. Kuna siku za bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, yakisogea kidogo tu, na ukimwambia afanye jambo saa nne asubuhi kila siku unamwambia aache shamba lake baharini. Halafu kuhusu vigingi usitufundishe, sisi tunavipigilia mchangani.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi wa mbalamwezi, mwezi mchanga na mwezi mpevu. Maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi hivi, kisha kila siku husogea mbele karibu dakika 50. Una kama siku sita za kazi, halafu maji mafu, hufiki tena kwenye kamba zako. Kwa hiyo kalenda ya mwanamke wa mwani iwe na mafungu mawili. Siku za bamvua zoea ni moja tu, la kuandika kamba ngapi zimefungwa na ngapi zimevunwa, na liandikwe palepale unapotua kapu, kabla hujanawa chumvi. Siku za maji mafu ndiyo za kikoba, masomo, cherehani, kliniki. Ukichanganya, yote mawili yanaharibika.

Sasa zoea lenye pesa. Mwani huchukua wiki sita kukomaa, ni kama bamvua tatu. Mwenye kamba 60 akizifunga zote kwa mkupuo anapata pesa mara moja kwa wiki sita, na katikati anakopa dukani. Zigawe: bamvua hii funga 20, ijayo 20, ya tatu 20. Kuanzia bamvua ya nne unavuna 20 na kufunga 20 kila wiki mbili. Kamba ni zilezile 60, ila sasa kuna siku ya malipo inayojirudia, na kwenye siku hiyo ndipo unapofungia akiba.

Kinachovuruga mzunguko ni kuvuna kabla ya wakati kwa sababu ya shida. Mwani wa wiki nne ni mwepesi, na ule utomvu wake ambao viwanda vinautafuta haujakomaa. Mbichi kilo 7 mpaka 10 ndiyo inatoa kavu kilo moja, sasa ukivuna mchanga umejipunja mara mbili. La pili ni kuuza mpaka mbegu. Chagua vichipukizi vyenye afya kwanza, vifunge, ndipo ubebe vya kuuza. La tatu ni kuanika mchangani. Jenga chanja, siku mbili tatu za jua kali zinatosha, na mnunuzi hatakukata kilo kwa mchanga.

Miezi ya joto, Desemba mpaka Machi, kotonii, ile aina ya mwani yenye bei, husumbua. Ncha zinakuwa nyeupe, laini, zinakatika. Usipange lengo kubwa kutegemea miezi hiyo.

#6 Kokochi (mleta uzi)

Nimekubali kufundishwa vigingi. Kila bamvua ni sawa na kila siku, mradi ijirudie bila wewe kuamua.

#7 Mtani_wa_Kilwa

Mtaweka mazoea yote hayo halafu Juni ngoma za unyago zinaanza, doti mpya, sare, mchango wa biriani. Kibubu chote kinapasuliwa siku moja. Semeni ukweli huo kwanza.

#8 Mweka_Hazina

Mtani umesema kwa kejeli ila umegusa penyewe. Michango ndiyo jiwe linalovunja vibubu vingi, na kumwambia mwanamke wa Kusini asichange ni kumwambia ahame. Ifanyie shughuli kibubu chake, tofauti na cha lengo. Hesabu shughuli utakazohudhuria mwaka mzima, tuseme sita kwa 10,000 kila moja, ni 60,000. Gawanya kwa wiki 52, ni kama 1,154, weka 1,200 kwa wiki. Mfuko ukiisha kabla ya mwaka, unakwenda kwa mikono: kukuna nazi, kuchota maji, kupika usiku. Kwenye shughuli zetu mikono ni mchango na watu wanaikumbuka. Doti ya sare, kama ipo ya mwaka jana yenye rangi inayokaribia, vaa hiyo. Watakusema siku moja.

Kikoba sasa. Nguvu yake kubwa kwenye mazoea ni kwamba kigingi anakishika mtu mwingine. Jumatano saa kumi wenzako wanakungoja, huwezi kujidanganya.

Utaratibu unaofanya kazi: watu 15 mpaka 30 wanaojuana, kikao kila wiki, hisa moja mpaka tano kwa mwanachama. Hisa ikiwa 1,000 na ukanunua tano kila wiki, mwaka mzima ni 260,000 kabla ya faida ya mikopo. Mfuko wa jamii pembeni, 500 kila mtu, kwa msiba na ugonjwa. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Sanduku lina makufuli matatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na anayelala na sanduku asiwe na ufunguo wowote. Pesa ihesabiwe kwa sauti mbele ya wote mwanzo wa kikao na mwisho wa kikao. Kikundi kinachohesabu pembeni "ili tusichelewe" kinaelekea kuvunjika.

Kosa la huku kwetu ni mwezi wa kuvunja mzunguko, yaani kugawana akiba. Vikundi vingi huanza Novemba kwa sababu pesa ya korosho ipo, kwa hiyo gawio linaangukia Novemba inayofuata, mikono tayari imejaa. Linapotea kwenye redio na magodoro. Anzeni mzunguko katikati ya Januari, gawio lije Januari nyingine, siku zile za sare za shule na ghala linaloanza kuonyesha sakafu. Watakuuliza, Februari na Machi watanunua hisa na nini? Katiba iruhusu hisa moja tu miezi hiyo bila faini. Oktoba wafidie kwa tano.

Na msajiliwe. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne, mnaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambamo wanawake wana asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, haina riba, lakini inakwenda kwa kikundi chenye usajili na vitabu vinavyosomeka. Zoea la katibu ni kuandika muhtasari kabla watu hawajasimama. Muhtasari wa kesho yake ni hadithi.

#9 MamaSalfa_Tandahimba

Nimesubiri mtu aguse korosho, naona mnaizunguka tu.

Mwanamke wa korosho tatizo lake ni pesa kuja kwa mkupuo mmoja au miwili ndani ya mwaka. Zoea la 1,500 kila siku kwake ni ndoto kati ya Januari na Machi. Na miezi hiyo ndiyo kangomba inapopita mlangoni. Tuwekane sawa kwa vijana: kangomba ni kuuza korosho kabla hazijavunwa au nje ya mnada, kwa kipimo na bei ya mnunuzi. Mtu anakupa 40,000 mwezi wa tatu unga umeisha, unamlipa gunia mwezi wa kumi. Chukua kilo za gunia hilo uzidishe kwa bei ya mnada, ndipo utajua ulikula unga wa bei gani. Imekatazwa na bado ipo, kwa sababu njaa haisomi tangazo.

Kwa hiyo zoea la kwanza ni la siku moja kwa mwaka: siku ya malipo kuingia. Karatasi iandikwe Septemba, kabla ya mnada, wakati akili imetulia. Malipo yakiingia, mafungu manne kabla ya kukanyaga duka lolote. La kwanza chakula cha Januari mpaka Machi, na kinunuliwe kama chakula, kisibaki pesa. Familia ya watu watano, kwa kilo 10 za mahindi kila mtu kwa mwezi, ni kilo 150, gunia moja na nusu la kilo mia. Muhogo ukiwepo shambani inapungua. La pili shule. La tatu shamba la mwakani: kupalilia, vibarua, petroli ya mashine ya kupulizia. Hata salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, ikija kwa ruzuku, haijipulizi. La nne lengo lako. Mwenye fungu la kwanza kamili hauzi kangomba, na mafungu mengine yanapona hapo.

Zoea la pili ni la msimu wa kuokota, Oktoba mpaka Desemba. Okota kila siku, usiache korosho ilale siku nne chini ya mti, mvua za kwanza zikiinyeshea inabadilika rangi na kushuka daraja. Kigingi ni jua kupanda juu ya mikorosho. Tenganisha na bibo, lile tunda lake, palepale, anika siku mbili tatu mpaka ukizitikisa mkononi zilie. Chagua mbovu mwenyewe kabla ya kufika ghalani, karani akikuchagulia atakuchagulia na nzuri. Tumia gunia la juti, nailoni hufukiza joto. Na kila mzigo unaoshushwa chama cha msingi uandike nyumbani: tarehe, kilo, daraja, namba ya stakabadhi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza huku kwenye korosho msimu wa 2007/2008, ni wa siku nyingi, lakini mpaka leo utakuta mama hajui kilo zake, anajua magunia tu.

Sasa jambo gumu. Nyumba nyingi mwanamke anaokota, jina chamani ni la mume, pesa inaingia akaunti ya mume. Mazoea yote ya uzi huu hayawezi kushika pesa isiyopita mkononi mwako. Ziko njia mbili, na zote zifanywe kabla ya msimu. Ama ujisajili mwenyewe kama mkulima kwa miti yako, ya urithi au uliyonunua, uwe na akaunti yako. Ama mkubaliane mapema ni miti ipi ya mama, kwa kuitaja: "ile kumi na miwili ya bondeni." Makubaliano ya "nitakupa kitu" hayana kilo.

Zoea la tatu, Juni mpaka Agosti, kupulizia dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Dawa ya unga inataka alfajiri umande ukiwa bado juu ya majani na upepo umelala, na irudiwe kila wiki mbili mpaka tatu. Ukichelewa raundi moja maua yanakauka, na lengo lako la Novemba limekauka Julai. Chora alama ya kila raundi kwenye kalenda ya ukutani, usitegemee "ilikuwa juzijuzi tu".

Ufuta wa Juni na mbaazi za Agosti visichanganywe na hesabu ya korosho. Hivyo ndivyo vya kujazia kibubu katikati ya mwaka.

#10 BintiShangani

Mama yangu, shikamoo. Hiyo ya miti kumi na miwili ya bondeni nitaisambaza kote.

#11 Mwalimu_wa_Jioni

Shikamoo nimeiona inapita, na mimi niongeze la wanaorudi darasani. Aliyeishia la saba anaanza na mtihani wa maarifa, QT. Aliyemaliza anarudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili ni mwanzoni mwa mwaka, mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Mwenye kuanza kusoma Agosti ameshachelewa miezi sita.

Kigingi cha usiku kwa mwenye watoto: nikishachomeka chandarua cha mtoto wa mwisho. Si "watoto wakilala", maana kulala ni hiari yao. Kuchomeka chandarua ni kazi yako na ina mwisho. Kiti, daftari na taa viwe vimeshawekwa tangu magharibi. Dakika 25 zikipimwa kwa saa ya ukutani au ya mkononi, somo moja kwa usiku mmoja, simu chumba kingine. Kipimo cha siku mbaya ni kujibu swali moja la mtihani uliopita, kwa kuandika.

Kosa kubwa ni kusoma kwa macho. Unapita ukurasa mara tano, unaona unaujua, kwenye chumba cha mtihani hautoki. Funga kitabu, andika unachokumbuka, fungua usahihishe kwa kalamu nyekundu. Mada uliyoisoma leo irudie keshokutwa, kisha baada ya wiki, kisha baada ya wiki tatu. Hisabati haisomwi kitandani, tusidanganyane.

#12 Dada_wa_Lukuledi

Kwenye afya nitasema mafupi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Anayelima ameshazipita, msimpe mazoezi mengine. Aliyekaa dukani au kwenye cherehani mchana kutwa ndiye anayehitaji: atembee sokoni kwenda na kurudi, dakika 15 na 15, siku tano, imetimia. Kigingi ni kikapu. Chai ya sukari vijiko vinne iteremshwe nusu kijiko kila wiki mbili. Ukiikata siku moja utarudi siku ya nne.

#13 Cherehani_Nachingwea

Swali. Kibubu kikae wapi, na mume ajue au asijue? Maana vinavunjwa.

#14 Mweka_Hazina

Ajue kipo na ni cha nini. Kiasi kilichomo si lazima kitajwe kila jioni. Kibubu cha siri kikigundulika hakikutii tena, na maneno yake ni makubwa kuliko pesa iliyomo. Kikiwa na jina, "hiki ni cha bati", hata watoto watakilinda.

Kuhusu mahali, cha mbao usikiweke chini. Mchwa wa huku hawachagui noti. Masika noti zinashika ukungu na kugandana, zifunge kwenye nailoni kavu. Halafu kibubu si benki. Kila baada ya wiki mbili kifungue, pesa iende kikobani au kwenye akaunti. Ya simu inafaa pia, ila makato ya kutoa yanauma ukitoa kidogokidogo, 5,000 leo na 5,000 kesho. Weka laini ya pili isiyo na namba za ndugu, na toa mara moja tu, kwa bei kamili ya kitu.

#15 Cherehani_Nachingwea

Na kibubu cha udongo?

#16 Mweka_Hazina

Kizuri, hakifunguki bila kuvunjwa. Ila nunua viwili kabisa. Siku unapovunja cha kwanza, cha pili kiwe tayari kimeshatobolewa na kina 500 ndani.